Bagamoyo hadi Tanga kwa Gari: Namna ya Kupanga Safari ya Polepole ya Siku 9

Kutoka Bagamoyo hadi Tanga kwa lami, kupitia Msata na Segera, ni takriban kilomita 270. Dereva akikaza mwendo anatoka asubuhi na chakula cha mchana anakula Ngamiani, Tanga mjini. Mwongozo huu ni wa safari nyingine: ya watu wanaotaka kwenda kwa njia ya pwani, wakalala Saadani na Pangani, wakakaa Tanga mjini bila haraka, wakapanda Amani kwenye Usambara Mashariki, ndipo warudi kwa lami. Mzunguko wote una kama kilomita 650. Ongeza mizunguko ya mijini na hifadhini, uhesabu 800.

Safari hii huharibiwa na ratiba kuliko inavyoharibiwa na gari. Mtu anapanga Saadani, Pangani na Tanga ndani ya siku 2 kwa sababu kwenye ramani zinaonekana zimepakana. Usiku mvua inanyesha, kesho yake njia inakuwa utelezi, na saa 1 jioni familia bado iko porini, watoto wana njaa na simu haina mtandao. Kwa hiyo anza kupanga na mvua, kisha maji ya bahari, kisha mwanga wa jua. Kilomita zije mwisho. Kipimo kinachofaa: siku ya lami isizidi kilomita 200, siku ya vumbi isizidi 100, na saa 11 jioni gari liwe limeshaegeshwa mnapolala. Siku ya kurudi peke yake ndiyo itavuka kipimo hicho, na sababu itaonekana mbele.

Mwezi gani

Miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo mizuri kuliko yote. Masika yamekwisha, vumbi halijawa kali, na joto la pwani limepungua. Upepo wa kusi huvuma miezi hiyo na bahari huchafuka kuanzia adhuhuri, kwa hiyo mambo ya mashua yafanyike asubuhi. Januari na Februari nako kunafaa: kaskazi inavuma, lakini joto la mchana ni zito, na ndani ya gari lisilo na kipoza hewa watoto watachoka mapema.

Machi mwishoni hadi Mei, ondoa Saadani na Amani kwenye mpango, labda uwe na gari la 4x4 na dereva aliyezoea matope. Shida ya upande wa Saadani ni udongo mweusi wa mfinyanzi. Ukikauka unapasuka nyufa na unapitika vizuri. Ukilowa unanata kwenye tairi hadi kashata zote (meno ya tairi) zinajaa, na tairi linabaki laini kama halina kashata kabisa. Gari haliendi mbele, linateleza ubavu. Mvua ya saa 1 inatosha kuifanya njia iliyopitika jana isipitike leo. Vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, huja kwa vipindi: siku 3 mvua, wiki nzima jua. Safari inawezekana, ila acha siku 1 tupu ndani ya ratiba ya kungojea njia ikauke.

Kuna mambo 2 ya kalenda ambayo wengi huyasahau. Wiki ya mwisho kabla ya Krismasi, barabara ya Chalinze hadi Segera hujaa magari ya wanaokwenda Kilimanjaro na Arusha kula sikukuu; usiipange siku yako ya kurudi humo. Na katika mwezi wa Ramadhani migahawa mingi ya Bagamoyo, Pangani na Tanga haiuzi chakula mchana. Hilo lisikuzuie kusafiri. Beba chakula cha mchana, mle mahali pa faragha, na jioni mtapata futari ambayo miezi mingine haipatikani: magimbi, tambi, kunde, uji wa pilipili manga, na samaki wa kupaka.

Maji ya bahari

Sehemu hii ndiyo inayotenganisha aliyepanga na aliyebahatisha. Ukifika ufukwe wa Ushongo, upande wa Pangani, saa ambayo maji yamekupwa, utatembea juu ya mchanga na mwani mwendo mrefu kabla ya kulowa kiuno. Ukienda kisiwa cha Maziwe, kusini mashariki ya Pangani, maji yakiwa yamejaa, utakuta hakuna kisiwa: ni fungu la mchanga ambalo bahari ikijaa sana hulifunika.

Hesabu yake haihitaji programu ya simu. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ni ya bamvua. Kwenye mwambao wetu siku hizo hujaa kiasi cha saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hukupwa kiasi cha saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Kila siku inayofuata saa husogea mbele kama dakika 50. Baada ya wiki mambo yamegeuka: ni maji mafu, yanajaa kiasi cha saa 4 asubuhi na kukupwa saa 10 jioni, na tofauti kati ya kujaa na kukupwa ni ndogo. Siku za bamvua tofauti hiyo huvuka mita 3.

Kwa hiyo panga siku za Pangani ziangukie tarehe 1 hadi 3, au 15 hadi 17, za mwezi wa Kiislamu. Mtaondoka na mashua saa 2 asubuhi, mtafika Maziwe maji yanakwenda kukupwa, mtaogelea na kutazama matumbawe, na mtarudi kabla upepo haujakaza. Ukishapata tarehe za Pangani, hesabu siku 3 nyuma kupata siku ya kuondoka. Nahodha ndiye mwenye neno la mwisho. Akisema leo bahari mbaya, usimbembeleze kwa kuongeza hela. Jaketi la kujiokolea liwe moja kwa kila mtu, watoto wawe na ya kimo chao, na uyaone kwa macho kabla ya kulipa.

Sheria nyingine ya maji: usiegeshe gari kwenye mchanga chini ya ule mstari wa mwani mkavu. Mstari huo ndipo bahari ilipofika mara ya mwisho, na siku za bamvua inaweza kuuvuka.

Gari

Gari dogo kama IST au Noah litafanya Bagamoyo, Msata, Segera, Muheza na Tanga bila wasiwasi, na wakati wa kiangazi litafika Pangani kutokea Tanga. Saadani na kipande cha kuelekea Pangani kwa ndani kinataka gari lenye tumbo la juu, na kwa usalama zaidi 4x4. Mwenye gari dogo asilazimishe: apite lami hadi Tanga, kisha ashuke Pangani na kurudi. Atakosa wanyama, lakini bahari ataipata yote.

Wiki 2 kabla ya safari, si siku 2, gari lipelekwe kwa fundi. Sababu ya wiki 2 ni kwamba kasoro nyingi hujitokeza baada ya matengenezo: bomba lililofungwa vibaya litavuja ndani ya siku chache za matumizi ya kawaida, na ni heri livuje ukiwa karibu na gereji. Mwambie fundi aangalie breki (pedi, na maji ya breki), mikanda ya injini, mipira ya rejeta, shokapu, bushi na boljointi. Betri nayo isafishwe vichwa na kukazwa, kwa sababu mtikisiko wa barabara ya vumbi hulegeza vichwa vya betri na gari linazima ghafla kana kwamba limekufa. Likizima hivyo, fungua boneti utikise vichwa vya betri kwanza kabla ya kuita mtu.

Spea isiangaliwe kwa macho tu. Itiwe upepo, kisha ifungwe kwenye gari na kuendeshwa siku 1. Wengi hugundua njiani kwamba nati moja ya tairi imeshika kutu, au spana iliyomo kwenye buti si ya saizi yake. Jeki iwe na kipande cha ubao mnene wa sentimita 30 kwa 30. Bila ubao, kwenye mchanga jeki inazama yenyewe badala ya kuinua gari.

Vitu vingine vya kubeba: kamba ya kuvutia ya mita 5 inayostahimili tani 5, koleo fupi, kipimo cha upepo, pampu ndogo ya umeme ya gari, tochi 2, waya, mkanda wa gundi, fyuzi za akiba, lita 1 ya oili, lita 10 za maji ya gari, na kando yake lita 3 za kunywa kwa kila mtu kwa siku. Sanduku la huduma ya kwanza liwe na dawa za maumivu, chumvichumvi za kuharisha, dawa ya mzio na bandeji. Pembetatu 2 za tahadhari na mtungi wa kuzimia moto ni vya kisheria, na mtungi uwe haujapitwa na tarehe.

Upepo wa tairi: kwenye lami na mzigo kamili fuata kibandiko kilichopo kwenye fremu ya mlango wa dereva, mara nyingi kati ya psi 32 na 36. Kwenye vumbi lenye mawimbimawimbi shusha hadi 26 au 28; gari halitarukaruka na tairi halitapasuliwa na mawe kwa urahisi. Kwenye mchanga mzito shusha hadi 18. Ukirudi kwenye lami jaza tena kabla ya kuvuka kasi ya 50, maana tairi lenye upepo mdogo likikimbizwa hupata moto na kupasuka.

Mafuta: jaza tangi Bagamoyo, kisha ongeza Msata hata kama limepungua robo tu, kwa sababu ndani ya hifadhi ya Saadani hakuna kituo cha kutegemea hadi Pangani. Gari la petroli linalokula lita 1 kwa kilomita 9 litatumia kama lita 90 kwa mzunguko wote. Usinunue mafuta ya kwenye chupa kandokando ya njia ila kwa dharura. Huwezi kujua yamechanganywa na nini.

Kukwama

Tairi likianza kuzunguka bila gari kwenda, ondoa mguu kwenye mafuta papo hapo. Kila mzunguko wa ziada unachimba kaburi la tairi. Teremsha abiria wote. Punguza upepo hadi 16. Chimba mchanga au tope mbele ya matairi yote 4, si ya nyuma tu, na uchimbe liwe mteremko wa kupandia. Weka matawi, makuti au mazulia ya gari chini ya matairi yanayovuta. Kisha toka kwa gia ya 2, taratibu, usukani ukiwa umenyooka. Usukani uliokatwa ni kama breki nyingine. Likikataa mara 2, subiri gari jingine likuvute, na kamba ifungwe kwenye ndoano ya chesisi. Bampa litang'oka.

Nyaraka na trafiki

Beba leseni, kadi ya gari au nakala yake, bima hai, na kitambulisho cha NIDA kwa kila mtu mzima. Kitambulisho ndicho kinachothibitisha uraia mnapolipa viingilio vya hifadhi. Tofauti ya bei kati ya raia na mgeni ni kubwa mno kuiachia bahati. Hifadhi za taifa hazipokei fedha taslimu, hulipwa kwa kadi au kwa namba ya malipo, kwa hiyo salio liwe tayari kwenye simu kabla hujaingia mahali pasipo na mtandao. Viwango hubadilika, na mara nyingi ni Julai 1 mwaka mpya wa fedha unapoanza. Uliza vya sasa.

Kwenye barabara ya Msata hadi Segera kuna vijiji vingi, na kila kijiji kina kibao cha 50. Mwendo uwe 50 kabla ya kufika kwenye kibao, na uongeze baada ya kibao cha 50 iliyokatwa. Trafiki wenye tochi za kupimia mwendo hukaa hasa pale ambapo kijiji kinaonekana kimekwisha lakini kibao cha kukata bado hakijafika. Ukiandikiwa faini, lipa kwa namba ya malipo na utunze risiti.

Fedha ya mkononi iwe ya noti ndogondogo, za 1,000 na 2,000. Muuza madafu wa kijijini hana chenji ya 10,000, na kivuko hakitakusubiri.

Siku 1 na 2: Bagamoyo

Fika mapema, egesha, na usiliguse gari tena hadi siku ya 3. Mji Mkongwe unatembelewa kwa miguu: Ngome Kongwe, Boma la Wajerumani la mwaka 1897, soko la samaki pwani, na misheni ya Wakatoliki iliyoanza 1868, ambako mwili wa Livingstone ulihifadhiwa mwaka 1874 kabla ya kuvushwa Unguja. Makumbusho ya misheni yanahitaji saa 2 kamili, hasa sehemu ya habari za utumwa. Watu hukimbia dakika 20 na kutoka hawajaona kitu.

Kaole ni kama kilomita 5 kusini. Nendeni kwa baiskeli au bajaji, asubuhi. Kuna magofu ya misikiti 2, wa zamani zaidi ukihesabiwa wa karne ya 13, na makaburi yenye nguzo. Wako watu wanaokwenda pale kwa dua, kwa hiyo msikae wala kupanda juu ya makaburi, na mavazi yawe ya heshima.

Soko la samaki lina uhai mashua zikishuka. Chagua changu au kolekole mwenye macho angavu na mashavu mekundu ndani, mpe mkaangaji palepale, umsubiri kwa ndimu na pilipili. Katika wiki ya tamasha la sanaa vyumba vya mji mzima hujaa, kwa hiyo angalia tarehe zake kabla ya kulipia malazi.

Siku 3: Saadani

Njia ya kutegemea ni Bagamoyo, Msata (kilomita 64 za lami), kisha kaskazini kuvuka daraja la Wami hadi Mandera, hapo kulia kwenye vumbi kupitia Miono na Mkange, kama kilomita 60 hadi Saadani. Njia ya karibu na pwani kupitia Makurunge ni fupi zaidi. Barabara ya lami ya kuunganisha Bagamoyo, Saadani, Pangani na Tanga imekuwa ikijengwa kwa vipande, na hali ya kila kipande hubadilika mwezi hadi mwezi. Uliza wiki ileile unayosafiri.

Kuuliza nako kuna namna yake. Ukimwambia mtu "Njia inapitika?" atajibu inapitika, kwa sababu hataki kukuvunja moyo, na kwa pikipiki yake inapitika kweli. Simama, zima injini, salimia kwanza:

"Shikamoo, mzee."
"Marahaba, baba. Karibuni."
"Starehe. Samahani, leo yamepita magari kutoka Mkange?"
"Yamepita. Lori la mkaa, na Noah moja asubuhi."
"Hiyo Noah ilikuwa na matope?"

Matope yaliyo kwenye gari lililotoka huko yatakueleza njia kuliko maneno yoyote. Yakiwa yamefika kwenye milango, tulia ufikirie.

Toka Bagamoyo saa 2 asubuhi, uwe getini saa 6 au 7 mchana. Kiingilio huhesabiwa kwa saa 24, kwa hiyo ukiingia saa 7 mchana una jioni ya kuzungukia wanyama na asubuhi ya siku ya pili ya kwenda na boti Mto Wami kuona viboko, mamba na ndege, na bado unatoka ndani ya muda. Ukiingia saa 11 jioni, umelipia usingizi. Saadani ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na ndiyo pekee nchini ambako nyika inafika hadi ufukwe wa bahari. Kuna twiga, nyati, ngiri, tembo na simba. Wanyama si wengi wala wazoefu wa magari kama Serengeti. Endesha kilomita 20 kwa saa, simama kwenye maji, zima injini dakika 10, subiri.

Mbung'o wapo, hasa chini ya vichaka vizito. Hupenda rangi ya buluu na nyeusi, kwa hiyo vaa kaki au kijivu, mikono mirefu. Ukiingia kichakani pandisha vioo vyote. Akishaingia ndani ya gari, kitambaa kinene kinafaa zaidi kuliko dawa ya kupuliza.

Siku 4 na 5: Pangani

Kutoka Saadani kwenda kaskazini unapitia Mkwaja, na barabara inakatiza eneo la hifadhi; eleza getini mnakoelekea ili msitozwe mara 2. Tenga saa 4 hata kama wenyeji watakwambia ni 2. Ufukwe wa Ushongo uko upande huu wa kusini wa mto, na ndiko kwenye malazi tulivu ya pwani. Ukitaka kulala mjini, unavuka mto kutoka Bweni. Miaka yote kuvuka kumekuwa kwa kivuko, na daraja jipya limekuwa likijengwa. Ulizia lipi linafanya kazi siku yako. Kwa kivuko, abiria hushuka na kuingia kwa miguu, dereva hubaki. Panda polepole kwa gia ya 1, zima taa, vuta hendibreki, acha gari kwenye gia, zima injini.

Pangani mjini tembea kando ya mto asubuhi, uone boma la zamani na nyumba za milango ya kuchonga, nyingi zimechakaa na zinasikitisha kuziona zikidondoka. Hapa ndipo vita vya wenyeji wa pwani dhidi ya Wajerumani vilipoanzia mwaka 1888, na hapa ndipo Abushiri bin Salim aliponyongwa Desemba 1889. Tafuta mwenyeji wa kukutembeza, mkubaliane malipo kabla.

Siku ya 5 ni ya Maziwe, kwa hesabu ya maji uliyoifanya nyumbani. Vaa viatu vya plastiki kwa ajili ya miba ya baharini, kofia, na fulana ya kuogelea nayo. Kisiwa hakina mti wa kivuli. Beba maji na chakula, na taka zote zirudi na mashua.

Siku 6 na 7: Tanga

Pangani hadi Tanga ni kama kilomita 50. Njiani, kama kilomita 17 kabla ya mji, ingia Tongoni kuona magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo; nusu saa inatosha. Kandokando ya njia kuna mashamba ya mkonge, zao lililoletwa pwani hii mwaka 1893.

Tanga mjini pametulia, barabara zimenyooka na mji ni tambarare, kwa hiyo kodi baiskeli kama wenyeji wengi. Ngamiani mitaa huitwa kwa namba, na anayekuelekeza atasema "barabara ya 10" bila maelezo zaidi. Jioni nendeni Raskazone.

Mapango ya Amboni yako kama kilomita 8 kutoka mjini, kwenye njia ya kwenda Horohoro. Ndani kuna giza totoro, popo, na sehemu za kuinama hadi magoti. Vaa viatu vya kufunga na nguo usizozionea uchungu, beba tochi yako mwenyewe hata kama kiongozi anayo, na usiingie bila kiongozi. Mwenye pumu au anayeogopa mahali pa kubana abaki nje.

Siku 8: Amani

Jaza tangi na upepo Muheza, kilomita kama 35 kutoka Tanga. Kuanzia hapo hadi Amani ni kama kilomita 35 za vumbi: kipande cha kwanza tambarare hadi geti la Sigi, kisha mpando wa kona kali ndani ya msitu. Panda asubuhi, kabla ya ukungu na mvua za mchana. Tumia gia ya 1 na 2, piga honi kwenye kona zisizoona mbele, na kumbuka malori ya chai nayo yanatumia njia hiyohiyo. Mshale wa joto ukipanda, simama palipo sawa, acha injini ikizunguka dakika chache, na usifungue mfuniko wa rejeta ikiwa ya moto.

Juu ni kama mita 900, usiku kuna baridi ya sweta. Wajerumani walianzisha bustani ya mimea hapa mwaka 1902, na miti yake ya kutoka pande nyingi za dunia bado ipo. Chukua kiongozi wa msituni kwa nusu siku: mbega, vinyonga, vipepeo, na ua la Usambara likiota kwenye miamba yenye unyevu. Vijijini nunua iliki, mdalasini na pilipili manga moja kwa moja kwa wakulima.

Kushuka ndiko kunakoumiza magari. Tumia gia ileile uliyopandia. Gari la gia za kujiendesha liweke kwenye L au 2. Anayeshuka kwa breki peke yake huzipasha moto hadi pedali inakuwa laini na haishiki. Ukisikia harufu ya kuungua, simama dakika 20 na usimwagie maji.

Siku 9: kurudi

Hii ndiyo siku ndefu, karibu kilomita 275 kwa Muheza, Segera, Kabuku, Mkata, Msata. Ondoka Amani saa 1 asubuhi, pumzika kila baada ya saa 1 na nusu, na madereva wapokezane. Ukiona ni nyingi, lala Muheza usiku wa 8 na Amani ifanye ya kwenda na kurudi. Matunda yanunuliwe siku hii, si wakati wa kwenda: machungwa Muheza, na mananasi Kiwangwa, kati ya Msata na Bagamoyo. Mananasi yaliyokaa wiki nzima kwenye buti yatachacha na gari zima litanuka.

Kesho yake osha gari chini kwa maji baridi mengi, ndani ya vifuniko vya matairi na kandokando ya chesisi, kutoa chumvi ya kivuko na mchanga wa ufukwe. Kaza nati zote za matairi, toa chujio la hewa ulikung'ute, na uangalie kama shokapu yoyote imeanza kuvuja oili.